Mchango wa Wese

Jumatano ya kwanza ya mwezi mimi sizungumzi na mtu kabla ya saa nne asubuhi. Nyumbani wanajua. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakishatangaza bei mpya ya mafuta naisoma nimesimama, halafu nakaa naisoma tena, huenda nimesoma ya mkoa mwingine. Nikikuta ni ya Dar kweli, natafuta ya Kyerwa kule Kagera, ambako kila lita imesafiri kuliko mimi, nijifariji.

Safari hii faraja haikutosha. Nikavaa shati la mikono mirefu nikaenda sheli, maana mtu mzima haendi kuweka mafuta ya elfu kumi amevaa kaptula. Nikashusha kioo nusu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye kiwanja: "Weka ya kumi." Binti wa pampu akapaza sauti kana kwamba mimi niko Kibaha: "Elfu kumi, baba?" Sasa hilo ni swali? Kumi nyingine ni ipi? Vijana wote wa bodaboda wakageuka. Tarakimu za shilingi zikakimbia, za lita zikajikokota, mara nasikia "tayari baba". Lita tatu na upuuzi. Mshale wa dashibodi haukupata habari kwamba kuna tukio limetokea.

Niliporudi nyumbani nimenuna, mama Salma akaja na mpango. "Kila siku unatoka Chanika mpaka Posta na viti vitupu. Beba majirani. Mtu elfu moja na mia tano, wese linajilipa." Mke wangu hesabu zake zote ni tamu. Na kusema ukweli, taifa lenyewe linafanya hivyo: makampuni yanaunganisha oda zao, meli moja inakuja imejaa, gharama zinagawanywa, ndiyo huo uagizaji wa mafuta kwa pamoja. Nikajiona wakala, tawi la Chanika. Nikaosha gari, nikasafisha hata chini ya kiti, nikasubiri abiria wangu kwa heshima zote.

Akaja Mzee Mstaafu wa relwe. Shikamoo, marahaba, akakaa mbele bila kuuliza, na kwa umri wake nani angemwambia kitu. Akaja yule bwana mdogo wa kompyuta na viziba masikio vyake. Akaja Mama Junior. Mama Junior hafungi mlango wa gari, anaupiga. Kitu fulani kikadondoka ndani ya mlango na mpaka leo kinaviringika humo kila nikikata kona. Sijui ni kitu gani. Fundi naye hajui, lakini anajua bei yake.

Hatujafika hata Zingiziwa. "Baba Salma, washa basi hiyo AC."

"Mama Junior, AC inakula wese."

"Si ndiyo maana tunachangia?"

Alikuwa hajachangia. Nikashusha vioo vyote. Upepo ukaingia na vumbi lake, wigi la Mama Junior likaanza kutafuta njia ya kutokea dirishani, akalishika kwa mikono miwili, na kwa namna hiyo nikapata dakika tano za amani, maana Mama Junior haongei bila mikono.

Ukifika mteremko wa Pugu, mwenye gari kuukuu anajua la kufanya. Nikaachia nyutro. Injini ikashusha pumzi, gari likaanza kuteremka lenyewe, bure, kwa neema ya Mungu. Mzee akageuka taratibu. "Mwanangu, mbona kimya?"

"Tunabana matumizi, mzee wangu."

Akashika kile kishikio cha juu. "Una bima kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

Hakusema kitu tena mpaka barabara ilipokuwa tambarare. Hapo akafungua kikao.

"Dawa ya haya mafuta ni ndogo sana. Warudishe utaratibu wa Mwalimu. Enzi zile mafuta yalipopanda duniani, Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi linalala. Ukikutwa barabarani, uwe na kibali."

"Na ukiwa na harusi?" akauliza Mama Junior.

"Harusi zilikuwa Jumamosi."

Bwana mdogo akatoa kiziba kimoja. "Lakini mzee, hapo unapunguza matumizi. Bei inabaki palepale."

"Bei ya nini, na wewe umekaa nyumbani?"

Niliona kwamba mzee ana hoja, na hilo liliniudhi zaidi.

Bwana mdogo akasema tusubiri bomba la Uganda. Likikamilika, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani pale Tanga, mafuta yanapita uani kwetu, itakuwaje yawe ghali? Mzee akacheka kicheko cha mtu aliyelipwa mafao kwa mafungu. "Yale ni ghafi, mwanangu. Mazito, yanapashwa moto njia nzima yasigande. Yakifika Tanga yanapanda meli, yanaondoka. Wenzako watayasafisha huko, halafu utayanunua kwa dola. Sisi kiwanda cha kusafisha tulikuwa nacho, TIPER, palepale Kigamboni, tangu miaka ya sitini. Siku hizi wanahifadhi tu." Akanyamaza kidogo. "Wanahifadhi," akarudia, kama vile ndiye aliyenyang'anywa funguo.

Tukaingia foleni ya Gongo la Mboto. Gari limesimama, injini inanguruma, jua nalo limeshaamka na hasira zake. Nawaangalia abiria wangu kwenye kioo, namuangalia mshale. Ningeizima injini, lakini betri yangu na mimi tuna makubaliano kwamba nisimsumbue mara mbili asubuhi moja.

"Tatizo ni tozo!" Mama Junior amepata mikono yake. "Mnakumbuka ile rodi laisensi? Mwaka 2017 wakaifuta, tukapiga vigelegele. Kumbe imehamia kwenye lita. Shilingi 40! Petroli, dizeli, mpaka mafuta ya taa. Bibi yangu yuko Masasi ana koroboi. Nauliza, koroboi inatembea barabara gani?"

Hakuna aliyemjibu. Hata kondakta wa daladala la pembeni, aliyekuwa ananing'inia mlangoni akitusikiliza, aliangalia chini.

"Na 2023 wakaongeza shilingi 100 nyingine kwa lita," akaendelea, sasa anamwambia kondakta. "Unafikiri barabara zinajengwa na nani? Na bibi yangu!"

"Serikali iweke ruzuku," akasema bwana mdogo.

"Iliweka," akadakia Mama Junior. "Juni 2022, bilioni 100 kwa mwezi."

"Ikawaje?"

"Agosti petroli hapa Dar ikafika 3,410."

"Pamoja na ruzuku?"

"Pamoja na ruzuku."

Bwana mdogo akarudisha kiziba sikioni. Kikamshinda, akakitoa tena. "Basi waamrishe tu ishuke! Si wana mamlaka?"

Hapo ikabidi niingilie mimi mwenyewe, maana Agosti 2011 nilikuwepo, nilikuwa na madumu mawili na nilipanga foleni. EWURA walishusha bei, kweli ilishuka, bei safi kabisa. Wauzaji wakagoma kuuza. Yaani bei ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mtu unalipita bango la sheli, unasoma ile bei, unaisifu, unaendelea kutembea kwa miguu. Nikawa naeleza vizuri sana, kwa mpangilio, mpaka niliposikia honi nyuma na matusi ya mama yangu. Foleni ilikuwa imesogea. Nikasogea. Tukasimama tena.

Kufika Banana taa ya mafuta ikawaka. Ndugu zangu, lita nzima iliishia pale watu wazima wakijadili namna ya kupunguza bei ya lita! Hapo uungwana ulinitoka. Nikazima redio, nikasafisha koo.

"Jamani, kabla hatujashusha bei ya taifa, tuanze na hii taa."

Wakaiangalia ile taa kwa masikitiko ya kweli kabisa. Mzee akasema, "Inawaka." Mama Junior akasema gari la shemeji yake liliwaka hivyohivyo na likafika Morogoro. Bwana mdogo akanishauri ninunue gari la umeme. Huyu kijana anaishi Chanika, mtaa mmoja na mimi. Anajua umeme wetu. Usiku uliopita alikuja kwangu kuchaji simu kwenye gari hilihili!

Nikawaambia pesa, sasa, kabla ya Tazara. Gari likawa kimya kuliko lilivyokuwa mteremkoni Pugu.

Mama Junior akasema, "Nitakurushia." Bwana mdogo akasema mtandao unasumbua, akanionyesha na simu, ile duara inazunguka, inazunguka. Mzee pekee ndiye aliyeingiza mkono kwenye koti. Akatoa noti ya elfu kumi, mpya, imekunjwa mara nne, haijawahi kuona jua. "Una chenji, mwanangu?" Chenji ilikuwepo. Ile niliyokuwa nimetenga ya chakula cha mchana. Nikampa elfu nane na mia tano, tena kwa mikono miwili, maana nimelelewa. Akanipa baraka za kutosha, Mungu akuzidishie, Mungu afungue milango. Mlango haukufunguka, ulikuwa umeng'ang'ania tangu Mama Junior aupige Chanika. Ikabidi nizunguke nimfungulie kwa nje, katikati ya barabara ya Nyerere, na shati langu la mikono mirefu, kama dereva wa waziri.

Mama Junior alirusha kweli, jioni. Shilingi elfu moja na mia tatu. Akapiga simu kabisa kunifafanulia kwamba hiyo mia mbili ni makato, hayamhusu.

Mtu asiniambie habari ya gesi. Najua gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, najua bajaji zinaitumia, najua kilo inakupeleka mbali kuliko lita. Kufunga ule mtungi ni zaidi ya milioni, na ningekuwa na milioni nisingesimama sheli nikisema "ya kumi". Pikipiki nimekatazwa na daktari, na mke. Baiskeli kutoka Chanika mpaka Posta, nenda wewe.

Kinachonichoma ni kwamba watu wanazo! Mama Junior huyuhuyu wa mia mbili ya makato ni mweka hazina wa harusi ya mtoto wa jirani. Ameahidi laki moja na ameitoa kabla ya tarehe ya mwisho. Bwana mdogo wa mtandao kusumbua ametoa elfu hamsini, mtandao haukusumbua hata kidogo, na jina lake limebandikwa kwenye grupu na ua pembeni. Harusi ambayo hata bwana harusi mwenyewe wanamjua kwa sura tu! Mimi nimeandikiwa elfu themanini, na juu yake nikateuliwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Kwa sifa gani? "Wewe una gari."

Nimeletewa na ratiba ya msafara. Magari kumi yatoke Chanika taa zinawaka-waka mchana kweupe, mbele pikapu ya matarumbeta, yaende kanisani Gongo la Mboto. Kutoka hapo Kigamboni, baharini, kupiga picha. Kutoka Kigamboni kurudi mjini, ukumbini Sinza. Kutoka Sinza usiku wa manane kuwarudisha wazee Chanika, na kwenye hao wazee namuona Mzee Mstaafu, na siti ya mbele. Bajeti ya mafuta ya msafara wote, imeandikwa kwa wino, laki moja. Nikauliza kwenye kikao, hii laki moja ni ya gari gani? Mama Junior akasema, "Ya yote. Mengine Baba Salma utajua, wewe si mzoefu wa kubana?"

Jana nimetuma marekebisho kwenye grupu, kwa mamlaka niliyopewa. Msafara ni magari matatu, matarumbeta wapande daladala, na picha zitapigwa Pugu Mnadani, kuna uwanja mpana na ng'ombe wanapendeza.

Bibi harusi ameondoka kwenye grupu.