Binti wa Mugumu ana miguu, mtoto mchanga wa Dodoma hana

Wapo wanaosema mtengeneza filamu Giselle Portenier alikuja mkoani Mara kutuvua nguo mbele ya wageni. Mkanada huyu alifanya kazi BBC kwa miaka mingi, akatengeneza filamu kuhusu wanawake wanaouawa na ndugu zao Pakistani kwa kisingizio cha heshima, kisha kuhusu mauaji ya wanawake Guatemala. Mwaka 2018 akatoa In the Name of Your Daughter, juu ya wasichana wa Serengeti wanaotoroka makwao Desemba, msimu wa kukeketa unapowadia. Lawama hiyo nimeisikia hapa Dodoma kwa watu ninaowaheshimu.

Hasira yao naielewa. Ina hoja moja nzito: sura za watoto zinaonekana. Binti wa miaka 12 aliyekubali kupigwa picha hawezi kujua atajisikiaje akiwa na 30, ana mume na wakwe, na picha ile bado inazunguka. Hilo silifuti.

Lakini tazameni nani anatenda humo. Anayeibeba filamu ni Rhobi Samwelly, Mtanzania aliyekeketwa mwenyewe akiwa binti, akaja kusimamia nyumba salama ya wasichana waliotoroka, mjini Mugumu, Serengeti. Wanaokwenda vijijini kuwaokoa watoto ni polisi wetu wa dawati la jinsia. Wanaoamua kukimbia ni wasichana wenyewe. Wazazi nao wana sauti, na suala la ng'ombe wa mahari wanaotolewa kwa binti aliyekeketwa linawekwa peupe, kwa hiyo mtazamaji anaelewa baba anavutwa na nini bila kulazimishwa kumwona mnyama. Hiyo ni heshima, na wanaolalamika huiruka haraka mno.

Kinachonisumbua mimi kiko nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 47 kati ya 100 mkoani Dodoma wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 18. Tumeshangilia, na sehemu ya furaha hiyo ni halali. Ila hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49: mdogo kuliko wote aliyeulizwa mwaka 2022 alizaliwa 2006 au 2007. Aliyekeketwa mwaka jana hayumo. Isitoshe, kwa Wagogo wa Dodoma na Wanyaturu wa Singida, wengi hukeketwa wakiwa wachanga. Mwanamke aliyefanyiwa akiwa na wiki mbili hana kumbukumbu ya kujibia swali, anajua alichoambiwa tu. Na mama anayejua sheria ya 1998 inayokataza kukeketa mabinti, yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, atamwambia nini? Kati ya 47 na 18 kuna waliopona kisu, na kuna ukimya, na karatasi inavijumlisha vyote pamoja.

Ukimya huo una jina: lawalawa. Ni maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike, yanayotibika kwa usafi na dawa za kawaida za zahanati. Singida yalianza kutajwa sana miaka ya 1970, serikali ilipobana ukeketaji. Ikasemwa ni adhabu ya mizimu kwa kuacha mila, na tiba yake ni kukata. Bibi anayemfanyia mjukuu anaamini anamtibu. Katika ardhi hii kame, ambako ndoo ya maji inafuatwa mbali, maambukizi yanarudi, na imani inarudi nayo.

Kwa hiyo ningemlaumu Portenier kwa jambo jingine kabisa, kama ni lawama: kamera yake iliishia kwa wale wanaoweza kukimbia. Binti wa Mugumu anasikia tarehe imepangwa, anavuka mto usiku. Mtoto wa Chamwino, hapa Dodoma, hana taarifa wala miguu, hana msimu, na nyumba salama haina namna ya kumpokea. Wanaotaka wageni wasituonyeshe, basi watuonyeshe wenyewe, kwa Kigogo na Kinyaturu, wakae na bibi na kumsikiliza mpaka mwisho. Sura ya mtoto haihitajiki hata kidogo. Ningeanzia kwenye benchi la kliniki siku ya chanjo, pale muuguzi anapofungua nepi, anaona, na inambidi aamue aseme nini na mama aliyeketi mbele yake.