Mji Mkongwe kwa siku moja? Hapana

Nimesoma makala ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwandishi anasema eti mgeni akianza kutembea asubuhi, jioni kashaumaliza wote kwa miguu, hapo mie na yeye hatuko pamoja. Masafa kweli mafupi, Darajani mpaka Forodhani nusu saa haifiki kama hukupotea vichochoroni, lakini kupita sio kuona. Mie mtoto wa Malindi na wageni wa kwetu nawatembeza mwenyewe, mtaa wa Mkunazini peke yake unakula asubuhi nzima maana lile kanisa la Anglikana limejengwa palepale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, mtu akishaingia mule huwezi kumwambia haya fanya haraka twende Ngome Kongwe, anataka akae kidogo, na ana haki. Halafu milango jamani! Watu wanapiga picha ile misumari ya shaba wanaondoka, mie namsimamisha mtu namwambia tazama pembeni ya fremu, ule mnyororo uliochongwa, ufuate kwa kidole mpaka chini, mingine utakuta na samaki. Beit el Ajaib, lile jumba la 1883 pale Forodhani, ndo limeshatuonesha, upande mmoja umeporomoka Disemba 2020 na wangapi hapa walikuwa wanasema nitaingia siku nyengine? Na kahawa ya kile kijiwe cha Jaws Corner jioni, wazee wamekaa barazani na bao lao, hiyo mwandishi hakuitaja kabisa. Nyie wenzangu mnaotembeza wageni, mkipewa siku moja tu mnaacha wapi?