Safari Fupi, Bili Ndefu

Sijui ni nani aliyetangulia kuwadanganya watu kwamba safari fupi ni nafuu. Angekuwa jirani yangu ningemgongea mlango usiku wa manane. "Baba watoto, ni siku nne tu, zitatumaliza nini?" Mama watoto aliyasema hayo kwa ile sauti ya upole ambayo mwanamume mwenye akili zake akiisikia anaanza kuficha kadi ya benki. Siku nne tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyonitoboa mfuko.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na sheria yao inaruhusu mgeni akae hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Atakayepewa siku zote 90 akazikaa, amelipa euro 1 kwa siku. Mimi wa siku nne nimelipa euro 22 na nusu kwa siku, na bado sijanunua hata maji ya kunywa. Foleni ni ileile. Picha ni zilezile. Taarifa ya benki ni ileile, pamoja na aibu ya mtu usiyemjua kuisoma ukurasa kwa ukurasa huku amekunja midomo. Bima nayo lazima ifike euro 30,000 za matibabu, hata kama unakwenda kupiga picha mbili na kurudi. Hakuna dirisha lililoandikwa "Sisi tunapita tu". Na wakikunyima, ada hairudi, umelipia kukataliwa.

Venice, kule Italia, ndio wamemaliza kabisa. Tangu 2024, katika siku walizozitangaza, mgeni anayeingia mjini asubuhi na kuondoka bila kulala anatozwa ada ya kuingia. Anayelala hoteli hatozwi hiyo. Yaani ufupi wa safari umetungiwa adhabu yake rasmi! Waungwana ni Bhutan, kule Asia, maana wao huhesabu kwa usiku: dola 100 kila usiku kwa mtu mzima, watoto wa miaka 6 hadi 12 nusu yake, walio chini ya hapo bure. Ukikaa kidogo unalipa kidogo, mambo yameisha. Nikaipeleka hoja hiyo mezani nikiwa na furaha kama niliyegundua mafuta. Kifungua mimba akauliza swali moja: "Kuna bahari?" Hakuna. Kikao kikafungwa.

Basi nikafungua simu nikaandika bajeti. Nauli. Viza. Malazi. Chakula. Viingilio. Halafu chini kabisa, kwa kujiamini, "Mengineyo". Jamani, ogopeni mengineyo. Mistari yote ya juu ilikaa kwa adabu, ikaongezeka kidogo kidogo kama inavyotarajiwa. Mengineyo ilianza ikiwa ndogo kuliko wote, na mwisho wa safari ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba.

Tatizo la kwanza la safari ya familia ni umri wa watoto. Nilidhani mtoto ni mtoto. Wapi! Mtoto ni mtu mwingine kila anapofika kwenye kaunta nyingine. Huyu kifungua mimba wangu ana miaka 13. Kwa shirika la ndege ni mtu mzima, maana nauli ya mtoto kwa kawaida huishia anapotimiza miaka 12. Kwa Schengen ni mtu mzima, maana nusu ada ni ya wenye miaka 6 mpaka kabla ya 12. Akifika Venice anakuwa mtoto tena, maana walio chini ya miaka 14 hawatozwi ile ada. Akifika Louvre, lile jumba la makumbusho la Paris, ni mtoto kabisa, maana chini ya miaka 18 huingia bure. Sasa tazama wapi ni mtu mzima: kwenye nauli na viza, palipo na pesa nyingi. Na wapi ni mtoto: jumba la makumbusho, ambako mwenyewe hataki kuingia. Nyumbani je? Nikimwambia abebe begi, ni mtoto. Nikimwambia alale saa tatu, ni mtu mzima.

Kitinda mimba ndiye aliyenifunga mabao. Mtoto asiyetimiza miaka 2 hupakatwa, na safari za kimataifa mara nyingi nauli yake ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Nikasema alhamdulilahi, angalau mmoja anasafiri kwa bei ya binadamu. Yule binti wa wakala wa tiketi akatazama tarehe yake ya kuzaliwa, akatazama tarehe ya kurudi, akanitazama mimi kwa huruma. "Mzee, anatimiza miaka miwili mkiwa hukohuko." Akitimiza miwili, ya kurudi anatakiwa kiti chake. Kwa hiyo mtoto anakwenda akiwa mapajani na anarudi akiwa abiria kamili mwenye mkanda wake. Nikapendekeza tusogeze safari nyuma kidogo. Mama watoto akasema likizo yake imeshaidhinishwa. Nikauliza kama tunaweza kusogeza siku ya kuzaliwa. Sikujibiwa.

Na huyohuyo kitinda mimba lazima awe na pasipoti. Nchi kadhaa hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele, na pasipoti za watoto katika nchi nyingi hudumu miaka 5 tu, wakati za wakubwa hudumu 10. Ukiwa na watoto watatu, basi kila unapogeuka kuna kijitabu kinachokaribia kufa. Mmepanga safari, mnatazama, pasipoti ya mtoto wa kati ina miezi mitano. Kijitabu kizima, hakijakunjwa hata pembe, kinatazamwa kama dawa iliyopitwa na wakati.

Picha sasa. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu anatakiwa atazame kamera, afumbe mdomo, asicheke, asionekane mkono wa mtu. Tukamlaza juu ya shuka jeupe, mimi nimepiga magoti nimeshika simu, mama yake anatikisa funguo juu ya kichwa changu. Akitazama funguo, anacheka. Akiacha kucheka, anafungua mdomo. Akifumba mdomo, amefumba na macho. Tulipopata ile moja iliyokubalika, nilikuwa nimelala chali kando yake na yeye ndiye anayenitazama kwa wasiwasi.

Halafu kuna hili la dunia kuamini kwamba familia ni watu wanne. Nani aliwaambia? Chumba cha familia: wanne. Tiketi ya familia: wakubwa wawili na watoto wawili. Teksi: abiria wanne. Sisi ni watano. Huyu wa tano hahesabiwi kama nyongeza ndogo, hapana, anageuza kila kitu kuwa mara mbili. Chumba kimoja kinakuwa viwili. Teksi moja inakuwa mbili, au moja kubwa yenye bei ya mbili. Mtoto wa kati ameshajua kwamba yeye ndiye anayetuvusha mstari, na analitumia. Kila akigombezwa anasema, "Si mngeniacha mkalipa chumba kimoja." Maneno gani hayo kwa mzazi? Ingawa hesabu yake ni sahihi.

Mizigo. Ndege nyingi hutoa kilo 23 kwa begi la chini kwa aliyelipia, na wengine hupima hata lile la mkononi kwa kilo 7. Kwetu hakuna mizani ya mabegi, kuna ile ya bafuni. Utaratibu unajulikana: unapanda peke yako, unasoma, unapanda tena umelikumbatia begi, unasoma, unatoa. Sasa ukiwa umekumbatia begi huoni namba, kwa hiyo nikamwita kifungua mimba awe msomaji toka mwanzo. Nikapanda peke yangu. Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mama mkwe wangu, aliyekuwa sebuleni, akapaza sauti: "Hee! Hilo begi punguzeni!" Nikashuka. Tangu siku ile begi halijapimwa tena nyumbani kwangu. Tutaonana nalo uwanjani.

Uwanjani kuna kile kituko cha vimiminika. Tangu 2006, baada ya njama ya mabomu ya vimiminika iliyogunduliwa Uingereza, viwanja vingi duniani vilianza kutaka kila chupa ya mkononi isizidi mililita 100, na vingi bado vinadai hivyo. Sina ugomvi na usalama. Ugomvi wangu ni kwamba chupa ya losheni ya mililita 200 iliyobaki robo bado ni chupa ya mililita 200. Mama watoto alijaribu kumweleza yule afisa. Mimi nilijifanya natafuta kiatu.

Lakini hayo yote yanavumilika. Kinachoniuma hasa ni muda. Umelipia siku nne, unapewa ngapi? Nauli nafuu ndiyo inayotua njiani ukasubiri kwa saa 11. Rahisi ghali: watu watano wakisubiri saa 11 wanakula mara mbili, na chakula cha uwanja wa ndege kinauzwa na watu wanaojua huna pa kwenda. Ile nafuu ya nauli nikaiona inaingia kinywani mwa watoto kipande baada ya kipande. Unafika mji wenyewe saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu. Hoteli inakwambia chumba ni saa tisa mchana. Ukitaka kuingia sasa, lipia usiku wa jana, usiku ambao ulikuwa angani umekunja magoti. Siku ya kuondoka wanakutoa saa tano asubuhi na ndege yako ni saa tano usiku. Mnakaa mapokezi na mabegi, watu watano, mkihama kochi hadi kochi. Na kabla hawajakuruhusu uende, wanatoa karatasi nyingine: kodi ya utalii ya mji, kwa kila kichwa, kwa kila usiku, ambayo miji mingi ya Ulaya huitoza na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Iingize wapi? Mengineyo.

Mwili nao haukupewa ratiba. Ukivuka majira ya saa, mwili hujirekebisha polepole, takribani saa moja kwa siku. Mkivuka majira matano mtakuwa sawa siku ya tano, wakati mmesharudi kazini mnasinzia kwenye kikao. Kule ugenini watoto wanaamka saa tisa usiku wakiwa wabichi, wanauliza tunakwenda wapi leo. Tukifika hapo penyewe, saa nne asubuhi, wamelala. Nimeona majengo mashuhuri mno nikiwa nimebeba mtoto begani asiyeona chochote. Na hata Louvre yenyewe hufungwa Jumanne, kwa hiyo mwenye siku nne asipotazama kalenda atapiga picha mlango.

Moja ninalolijua vizuri ni ile mashine ya kadi. Ukiwa dukani ugenini inakuuliza kwa heshima zote: ulipe kwa fedha ya hapa au kwa fedha ya kwenu? Unaona fedha ya kwenu, moyo unalainika, unataka kubonyeza. Usibonyeze! Ukikubali, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na hawakipangi kwa kukupenda. Chagua fedha ya hapo, benki yako ifanye kazi yake. Nilimwelekeza hivyo mama watoto mara nyingi tu. Akanijibu kwamba kama ningemwachia yeye ununuzi na mimi nibaki na falsafa, tungekuwa tumeshamaliza.

Sasa kuna hili la viti. Mashirika mengi ya ndege siku hizi hutoza kuchagua kiti kabla. Nikasema hapana, hapo nimegoma, wote tunafika wakati mmoja. Mama watoto akawa na watoto safu moja, mimi nikatupwa nyuma kabisa karibu na choo, katikati ya mzee mmoja mnene na kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Wakanionea huruma wote nyumbani. Wasichokijua ni kwamba hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyeniomba maji. Hakuna aliyeniuliza tumebakiza dakika ngapi. Mzee alilala, kijana hakusema neno, nami nikatazama ukuta wa choo kwa saa saba mfululizo nikiwa na amani ambayo hoteli ile haikunipa hata kidogo.

Mwaka huu tunakwenda tena, siku chache tu, na bajeti nimeiandika mwenyewe mstari kwa mstari. Jana nimeifungua nikakuta mstari ambao si wangu, juu ya mengineyo: "Kiti cha baba, katikati ya hawa watoto wawili wakubwa." Umeshalipiwa, na hawarudishi.