Arobaini na Watano Majini

Shule za kimataifa huajiri mapema mno. Mwalimu wa kuanza kazi Agosti anatafutwa Januari, kwa sababu ikifika Krismasi mkuu wa shule ameshajua nani anabaki na nani anafunga virago. Ndiyo maana kila Januari hoteli za Bangkok zinajaa walimu waliovaa suti kwenye joto la kuvulia shati, wakitafuta namba za vyumba. Mtindo huu wa kukutanisha wakuu wa shule na walimu chini ya paa moja ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Northern Iowa, Marekani, mwaka 1976. Ukijua baridi ya Iowa ilivyo wakati huo wa mwaka, utaelewa kwa nini mtu alibuni shughuli ya kufanyika ndani.

Huingii hivi hivi. Miezi kadhaa kabla, wakala wa ajira anayeandaa mkusanyiko huo anakufungulia jalada: wasifu mfupi wenye picha, nakala za vyeti, uzoefu wa miaka miwili kwenda juu, na barua za siri kutoka kwa mabosi wako ambazo wewe mwenyewe huzioni kamwe. Wengine wanataka hata mzazi wa mwanafunzi aseme neno. Jalada likijaa ndipo unaalikwa. Nauli, viza na hoteli ni juu yako.

Nilipokwenda mimi, ukishafika, uhai wako wote ulikuwa kwenye faili. Nje ya ukumbi kulikuwa na meza ndefu, na juu yake mafaili ya kuning'inia, moja kwa kila mwombaji, yamepangwa kwa alfabeti ya jina la mwisho. Shule ikikutaka ilitumbukiza humo kijikaratasi chenye saa na namba ya chumba. Isipokutaka nayo ilitumbukiza kijikaratasi, kirefu kidogo na chenye adabu zaidi. Mtu mwenye akili hakupita pale bila kuchungulia, hata kama anakwenda msalani tu.

Tatizo ni hilo jina la mwisho. Kwetu jina la mwisho ni la babu. Basi babu yangu Omari, ambaye maisha yake yote hakuvuka Rufiji, akawa ameandikishwa Bangkok. Faili lililofuatana na la kwake lilikuwa la jamaa kutoka Malaysia, ambako nako jina la mwisho ni la mzazi, na mzazi wake aliitwa Omar, bila i. Tofauti yetu yote ilikuwa herufi moja, na ikategemea mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Jioni ya kwanza nikakuta kijikaratasi: “Mr Omar, kesho saa tisa na nusu alasiri, chumba 1117. Tumevutiwa sana.” Somo halikutajwa. Nikafungua orodha ya nafasi, shule ile nikaiona: hisabati, sekondari. Chini yake kulikuwa na nafasi nyingine tatu nne ambazo sikuzisoma, za nini?

Kesho yake asubuhi ndiyo purukushani ya kujiandikisha kwa mahojiano. Wakuu wamekaa nyuma ya meza, ukutani nyuma yao bango la nafasi, na milango ikifunguliwa walimu wazima wenye shahada za uzamili wanakimbia kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Unapewa dakika mbili hivi: jina, somo, mtaala ulioufundisha, una mwenza au huna. Swali la mwenza si la umbea. Mume na mke wote wakiwa walimu, shule inapata wafanyakazi wawili kwa nyumba moja, kwa hiyo sisi wa peke yetu tunapangwa baadaye. Huku umesimama, bango linabadilika: mkuu anachukua kalamu ya wino mzito na kukata nafasi mbele ya macho yako. Meza ya chumba 1117 niliipita moja kwa moja, miadi ninayo tayari, niende foleni kutafuta nini?

Mahojiano yalifanyika chumbani anakolala mkuu. Hilo hakuna aliyewahi kukuandaa nalo. Anayekuhoji anakaa kwenye kiti cha pekee, wewe kwenye kibenchi cha kuwekea begi, na katikati yenu kitanda. Cha 1117 kilikuwa kimefunikwa wasifu za watu, na pembeni soksi mbili nyeusi zinakaushwa kwenye taa. Nikampa bwana mkubwa wasifu wangu. Akaurusha juu ya rundo bila kuutazama. Mtu aliyehoji tangu asubuhi hana tena macho ya kusomea.

“Mwalimu Omar,” akaanza, “kundi lako moja huwa na watoto wangapi?”

“Arobaini na watano.”

Kalamu ikasimama. “Wote kwa pamoja?”

“Kwa pamoja. Kuna mwaka walifika sitini, tukabanana hivyo hivyo.”

“Una msaidizi?”

“Peke yangu.”

Akanywa maji. Nikaona nimemgusa, kwa sababu walimu wa huko wakipewa ishirini na watano wanaitisha kikao.

“Na wanapoanza, wanakuwa wanajua chochote?”

“Wengi hawajui kitu, tena wana woga mkubwa. Kazi yangu ya kwanza ni kuwaondoa woga.”

Hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Safi. Unawaondoaje?”

“Nawatumbukiza. Wiki ya kwanza tu, moja kwa moja kwenye kina. Ukianza kuwabembeleza pembeni, hawaingii tena.”

“Na wakishindwa?”

Niliambiwa shule za kimataifa zinapenda ukweli, usijifanye malaika. Nikamwambia ukweli. “Wapo. Kila mwaka hawakosekani watano, sita, tunaowapoteza kabisa. Inauma, lakini somo lenyewe ndivyo lilivyo.”

“Wazazi wanasemaje?”

“Zamani walilalamika. Siku hizi wameshazoea.”

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka. “Serikali haina wakaguzi?”

“Wanakuja. Wa mwisho alisifu sana nidhamu, akasema hajawahi kuona watoto wametulia namna ile.”

Kukawa kimya. Feni ya kiyoyozi inavuma, soksi zinapepea. Akauliza polepole, kama anayeongea na mtu aliyeshika kisu: “Cheti chako cha uokoaji ni cha mwaka gani?”

“Uokoaji wa nini?”

Akafukua kitandani, akatoa karatasi, akaigeuza nione. Mwalimu wa michezo na kuogelea, shule ya msingi. Bwawa la mita 25, makundi yasiyozidi watoto kumi na wawili, na mwokoaji mwenye cheti awepo ukingoni muda wote.

“Mimi ni wa hisabati,” nikasema.

Bwana yule alicheka mpaka akakaa juu ya wasifu za watu. Aliponyanyuka mmoja ulikuwa umemganda suruali. Akanieleza nafasi ya hisabati ipo, ila imeahidiwa mume na mke waliopewa saa ishirini na nne za kufikiri. Kule, ukiambiwa “tunakupa kazi” na wewe ukasema “nakubali”, umeshafungwa. Kukiri kwa mdomo kunahesabika kama sahihi, na anayekubali shule mbili taarifa zinafika kwa wakala. Kwa hiyo watu huomba muda, na hilo shimo la saa ishirini na nne ndilo linaloamua maisha ya watu wa peke yao.

Nikatoka kumtafuta Omar asiye na i. Lifti za hoteli siku hiyo ni za kusubiri dakika kumi, basi nikashuka ngazi. Nilimkuta ghorofa ya tisa anatoka chumbani, mabega mapana kama kabati, ameshika kijikaratasi changu. Alikuwa amehojiwa na mama mmoja mkuu wa shule kuhusu hisabati za kidato cha kwanza. Alipoulizwa anaanzaje na mtoto anayeliogopa somo, alijibu kwamba siku ya kwanza hafundishi chochote, wanajifunza kupumua tu. Mama akaandika. Baada ya hapo? Wanashika ukuta na kupiga miguu. Mama akaandika, ila kwa wasiwasi kidogo. Vikokotoo je? Omar akasema mikono lazima iwe mitupu, isipokuwa wanaoanza, hao anawapa boya.

“Alivutiwa sana,” Omar akaniambia. “Amesema hajawahi kukutana na mtu wa hisabati anayejali afya ya mtoto namna hii. Amenipangia mahojiano ya pili.”

Tukarudi wote wawili kwenye meza ya mafaili. Kijana wa kujitolea akatuangalia, akaangalia majina, akachukua kalamu na kuandika kwenye faili langu MATHS kwa herufi kubwa, na kwenye la mwenzangu SWIM. Ingefanyika siku ya kwanza isingekuwa na gharama yoyote. Tangu hapo kila ninayemsaidia kujaza fomu za wakala namwambia aandike somo lake ubavuni mwa jina, na kila karatasi anayotoa mkononi iwe hivyo hivyo.

Yule mama hakuniita tena. Nadhani baada ya Omar nilionekana mkavu. Omar alikwenda chumba 1117, akatoka na kazi. Na kesho yake jioni kwenye faili langu, lile la MATHS, kikawamo kijikaratasi: mume na mke wamechagua shule nyingine, njoo tuzungumze, safari hii kuhusu hesabu.

Tulizungumza saa nzima, na nusu yake ilikuwa marupurupu, kama inavyotakiwa: nyumba au posho ya nyumba, tiketi ya kwenda na kurudi kila mwaka, bima ya afya, na karo ya watoto kama unao. Usione haya kuuliza unabakiwa na kiasi gani baada ya kodi na chakula. Mshahara mnono kwenye mji ghali ni hewa. Tulipomaliza akanikabidhi mkataba, akaniorodheshea ya kufuatilia nyumbani: cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, na shahada halisi ithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kwenda ubalozini.

Mkataba ulikuwa umechapwa vizuri, kurasa sita. Kwenye kipengele cha shughuli za baada ya masomo, ambapo kila mwalimu lazima asimamie mojawapo, waliniandikia klabu ya chesi. Pembeni mkuu aliongeza kwa mkono, akapiga mstari mara mbili na kutia sahihi: “Asikaribie bwawa.”