Masika ya Dodoma: kagua matairi kabla ya kuota 4x4

Inyanyue waipa ya gari lolote linalolala juani hapa Dodoma, kisha ikunje raba yake kwa vidole. Ikifika Oktoba, nyingi zinakatika kama tambi kavu. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu tangu mvua iliposhika njia yake mwezi wa nne au wa tano, waipa imekuwa na kazi moja tu ya kufuta vumbi. Inakuja mvua ya kwanza, jioni, upo barabara ya Morogoro unaitafuta Chamwino, malori yanakuja usoni na taa zimewaka, na kioo kizima kimegeuka uji. Hapo huna fundi wa kumwita.

Ndiyo maana naona maandalizi ya masika ni kazi ya Novemba, wakati anga bado ni kavu na gereji hazina foleni. Tena mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote kwenye lami. Vumbi, oili na masizi ya raba vilivyojikusanya miezi sita vinachanganyika na maji kidogo, lami inateleza kama sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Mvua ya tatu au ya nne ikishaosha barabara, hali inakuwa nafuu.

Nikisikia mtu anasema "masika hii nanunua four wheel, nimalizane na tope", huwa nauliza kwanza: matairi yake yakoje? Gari la 4x4 lenye matairi vipara linakwama kama mengine, ila linakwama mbali zaidi, mahali ambapo trekta la kukuvuta haliji mpaka kesho. Toyota IST, gari dogo la chini, yenye matairi mapya na dereva mvumilivu inafika vijiji vingi ambavyo watu wanadhani vinahitaji Land Cruiser.

Udongo ndio unaoamua. Ule mwekundu wenye mchanga unakunywa maji upesi: mvua ikikatika, kaa saa moja au mbili, njia inapitika. Mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ukiacha lami pale Bahi au Kintinku ukaingia ndani, kiangazi utaukuta una nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, maji hayana pa kwenda. Siku za mwanzo unateleza juu huku chini bado pagumu. Ikifika Februari unazama. Halafu unanata: gurudumu likizunguka mara chache, mifereji yote imejaa, na tairi lenye meno mazuri limekuwa kipara cha udongo. Kwa njia ya aina hii kungoja siku mbili za jua kuna faida kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kwenye tairi, sheria za nchi nyingi zinaruhusu meno yashuke hadi milimita 1.6. Kwenye mvua, kina hicho ni kidogo mno. Yakishuka chini ya milimita 3 maji hayapati pa kutokea, na gari linaelea juu ya lami ukiwa kasi. Pima kwenye mfereji wa katikati na wa pembeni, maana tairi lililoliwa upande mmoja linakuambia wheel alignment imeharibika au bushi zimekwisha. Angalia pia umri: tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu linapasua raba hata ya tairi ambalo halijatembea, na la spea ndilo linalosahaulika.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na mengine yanashuka bandarini yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni, pengine na alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani, na meno yaliyochanjwa mistari myembamba mingi kama wembe umepita. Muuzaji atakuambia "hizi ndizo za tope". Si kweli. Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Dodoma mchana inalika haraka, na ukikata kona gari linayumba. Yauze au yaache, nunua ya kawaida au ya all-terrain. Gari hilohilo lililopita theluji lina jambo la pili la kuchunguza: kule barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chesisi. Lipandishe juu, gongagonga kwa nyundo ndogo kwenye chesisi, kwenye mikono ya sasipensheni na mabomba ya breki. Sauti ya chuma kizima ni kali. Palipoliwa na kutu panatoa sauti butu na magamba. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote, mimi huichukulia kama onyo.

Kama bado unachagua, tazama kwanza nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. IST na Vitz zina kama sentimita 15, na njia ya malori yenye mgongo katikati inatosha kuliweka tumbo juu ya udongo huku magurudumu yakining'inia. Suzuki Escudo za kuanzia 2005 zinafika kama sentimita 20, na zile zenye swichi ya 4L LOCK zina gia nzito ya kweli, kitu ambacho magari mengi ya familia yaliyoandikwa 4WD hayana. Hayo ya familia mengi husubiri tairi la mbele lizunguke bure ndipo nyuma ipate nguvu, na kwenye mbuga tairi likishazunguka bure limeshachimba kaburi. Hilux na Land Cruiser sina ugomvi nazo, ukiwa na bei yake na mafuta yake.

Kuhusu ule mkonga wa pembeni ya kioo (snorkel), watu wanauamini kupita kiasi. Unainua mahali injini inapovutia hewa, basi. Difu, lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, haina habari nao. Difu iliyotembea kilomita 50 ina joto. Ukiiingiza ghafla kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia kitundu cha kupumulia au sili iliyochoka. Wiki mbili baadaye oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeanza kuimba. Dawa ni rahisi: fundi atoe kile kifuniko kidogo juu ya difu, aunge mpira wa mafuta kwa klipu na kuupandisha hadi karibu na boneti. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kitu kingine ambacho sijaona gereji ikikigusa bila kuambiwa ni majani ya mwarobaini. Mji huu umepandwa miarobaini kila kona, na vijani vyake vinaingia kwenye zile tundu chini ya kioo cha mbele, vinachanganyika na vumbi na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikija, maji yanajaa pale kama kwenye beseni, yanamwagikia feni ya ndani na boksi la fyuzi. Fungua ile plastiki ya waipa, toa takataka kwa mkono, mwaga lita moja ya maji taratibu na utazame kama yanatokea chini nyuma ya magurudumu ya mbele. Yasipotoka, usiondoke hapo.

Makorongo sasa. Korongo lililo kavu asubuhi linaweza kushusha maji saa tisa mchana huku kwako jua linawaka, kwa kuwa mvua imenyesha milimani. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 yanaondoka na mengi makubwa. Kwenye drifti, yaani kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake, usiyaone maji ya rangi ya chai ukadhani unajua chini kuna nini. Zege linaweza kuwa limeshakatwa upande wa chini. Subiri. Mengi hupungua ndani ya saa chache. Maji yaliyotulia na yasiyofika goti, yapite kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, bila kuachia mafuta. Gari likizima katikati usipige stata tena. Maji hayabanwi kama hewa; yakiwa ndani ya silinda, pistoni inapanda na konrodi, fimbo inayoisukuma, inapinda, na hapo unatafuta injini nyingine. Vuta gari nje, toa plagi, ndipo injini izungushwe iyateme.

Cha kubeba si kingi: sepetu, panga, pampu ya upepo yenye geji, kamba ya kuvutia iliyoandikwa uwezo wake, na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 4, maana bila ubao jeki inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi. Bampa hung'oka, na lile goroli la kuvutia trela likikatika linaruka kama risasi. Ukianza kukwama, acha mafuta mapema, shusha upepo hadi PSI 20, chimba mbele ya magurudumu yote, kata matawi. Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla hujazidi kilomita 40 kwa saa.

Na ukifika nyumbani usiku na uchovu wako, mwagia maji angalau magurudumu na rejeta. Tope la mbuga likikauka ndani ya ringi linakuwa tofali. Kesho usukani utatetemeka kuanzia kilomita 80, utalipia balansi, kumbe ni udongo wa Bahi.