Ukifika Roma, acha foleni ya Colosseum uende makaburini

Kila anayeenda Roma picha ya kwanza ni Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale, sikatai, hata mi ninayo. Ila ukiniuliza mimi nini cha kuona mkoa ule wa Lazio ntakwambia panda basi utoke mjini kama kilomita 40 na ushee, shuka Cerveteri, ukaangalie makaburi. Watu hunicheka, eti nani akate tiketi ya ndege aende kushangaa makaburi jamani.

Sasa sikia. Kabla Roma haijawa na nguvu, wababe wa upande ule walikuwa Waetruski, hata baadhi ya wafalme wa mwanzo wa Roma inasemwa walitoka kwao. Nyumba zao walijengea mbao na matofali ya udongo, zimeshaoza zamani, lakini nyumba za wafu walizichonga kwenye mwamba na wakafuata ramani ileile ya nyumba ya mtu hai, yaani unashuka ngazi unakuta sebule, vyumba, vitanda vya mawe na mito yake, juu dari limechongwa kama lina boriti. Nje kuna mitaa kabisa, na mlangoni vijiguzo vya mawe kama alama ya wanaume waliozikwa humo, vijumba vidogo vya mawe kwa wanawake.

Lililonimaliza ni kaburi lile wanaloita Tomba dei Rilievi, la karne ya 4 KK. Huingii, unachungulia kwenye kioo tu. Ukutani na kwenye nguzo wamebandika kwa plasta kila kitu cha nyumbani, kamba imekunjwa, visu, shoka, majagi, mito myekundu, na pale kitandani jozi ya ndala. Ndala! Mtu kavua kaenda kulala. Colosseum inakuonyesha ukubwa wa wakubwa, pale Cerveteri nilihisi nimeingia kwa watu bila hodi.

(Tarquinia, mji mwingine wa Waetruski, nako kuzuri, kuna makaburi yamechorwa rangi, mojawapo kijana anajirusha baharini kutoka juu ya jabali. Ila hiyo ni siku nyingine.)

Kinachoniudhi ni wezi. Wale wachimbaji wa usiku, waitaliano wanawaita tombaroli, mwaka 1971 walitoa kaburini hapo Cerveteri chombo kikubwa cha kuchanganyia divai, kazi ya Euphronios, Mgiriki wa kale aliyechora vyombo, mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York likakinunua kwa dola milioni 1. Kimerudi Italia 2008 na sasa kipo kwenye makumbusho ya Cerveteri penyewe, mwendo mfupi tu kutoka kilikoibiwa. Kuna waliosema kingewekwa Roma kwenye watu wengi, mi napinga kabisa, kitu kikae kwao anayekitaka akifuate. Siku niliyoenda tulikuwa wanne mle ndani, pamoja na mlinzi.