Nebula Yenye Harufu ya Samaki

Umeme unapokatika katika mtaa wetu hapa Lubumbashi, watu wote huguna na kupapasa gizani wakitafuta mishumaa, isipokuwa mimi, ambaye hutoka mbio na kamera na tripodi yangu nikiwa nimejaa furaha, jambo lililowafanya majirani kuanza kuniuliza, kwa upole wenye shaka ndani yake, kama si mimi ninayeukata.

Usiku huo wa mwezi Mei mvua zilikuwa zimekwisha na anga lilikuwa jeusi tii. Nilikuwa nikiwinda Nebula ya Carina, wingu la gesi ambalo Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliliona mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na ambalo kulipata si kazi: unalitafuta kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini, kisha unasogea kulia. Niliuona msalaba, nikasogea kulia, nikaielekeza lenzi juu kidogo ya ukuta wa jirani na kupiga picha 150 za sekunde nane kila moja, nimejikunyata kwenye kigoda, sithubutu hata kukohoa nisije nikaitikisa kamera. Harufu ya samaki wa kukaanga ilinijia tangu picha ya kwanza, nami nikaihesabu kuwa jaribu la shetani tu.

Umeme uliporudi, nilizirundika picha zote kwenye kompyuta na kuongeza mwangaza. Mungu wangu! Pembeni palichomoza wingu jekundu kama kaa la moto, na katikati yake doa jeusi, refu, lililopinda kwa chini. Nilitambua papo hapo kwamba hilo ndilo Tundu la Ufunguo, ile sehemu ya giza iliyo maarufu ndani ya nebula hiyo.

Mtu mwenye akili timamu angesita. Nebula ya Carina ina upana wa takriban miezi mipevu minne iliyopangwa sambamba, ilhali yangu ilimeza robo ya picha. Tena kamera za kawaida huchuja sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, hivyo nilipaswa kupata waridi hafifu, si moto wa jehanamu. Lakini furaha ilikuwa imenipofusha, nami nikaichapisha picha kwa ukubwa wa kalenda na kuipeleka kwa majirani, ili nijisafishe na ile tuhuma ya umeme.

Niliwahutubia uani kwa mama jirani. Nilieleza kwamba mwanga huo ulisafiri zaidi ya miaka 7,000 hadi kutufikia, na watoto wakaachama. Mama jirani aliisogeza picha karibu na macho, akaigeuza, akairudisha.

“Baba, hii si mbabula yangu?” akauliza, akimaanisha jiko lake la makaa.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Siku ile nilikaanga samaki hapa, chini ya ukuta. Huu ni moshi wangu. Na hii nyeusi ni soksi ya baba wa watoto, ilikuwa kwenye kamba.”

Niliinua macho. Kamba ilikuwepo, pale pale, na kibanio kimoja kisichobana kitu. Nilirudi nyumbani nikafungua ramani ya nyota, nikagundua kwamba msalaba nilioufuata ulikuwa ule unaoitwa Msalaba wa Uongo, ambao umewapoteza wengi kabla yangu, na kwamba kwa kusogea kulia kwake nilikuwa nimeipa nebula kisogo na kuelekea moja kwa moja kwenye kikaango.

Jioni hiyo mume wa mama jirani alibisha hodi. Nilidhani amekuja kunicheka, kumbe alitaka nakala ya picha, maana mkewe alikuwa amemlaumu wiki nzima kwa kupoteza soksi, na sasa alikuwa na ushahidi kwamba ilipotelea kambani.